Inapodondoka Sipo Inapovuja

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya mameneja na madereva wa vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze juu ya utunzaji wa mali ya chama. Badala ya kuwasomea kanuni zote, nimeona heri nieleze jambo moja tu, nalo ni gari linalopoteza oili. Mimi si fundi. Lakini oili hununuliwa kwa hati ya malipo, na hati za malipo ndiyo kazi yangu.

Chama kimoja nilichokikagua kina Land Rover Series III. Magari ya aina hiyo yalitengenezwa tangu mwaka 1971 hadi 1985, na chama hicho bado kinalitegemea lake kwa safari za mashambani. Katika hati za msimu wa kahawa niliona kwamba gari hilo liliongezwa oili lita moja karibu kila wiki. Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwamba dereva anaiuza. Mlinzi alikuwa akitazama sakafu ya banda kila asubuhi, naye haoni ila matone mawili matatu. Wakasema kuwa gari lisilovuja likiishiwa oili, basi oili hiyo imo mikononi mwa mtu. Dereva, mtumishi wa miaka mingi, alikuwa amekwisha kusimamishwa kazi kwa barua.

Wakati huohuo karakana moja ya mjini ilikuwa imesema kwamba sili ya nyuma ya injini imekufa, na kwamba sharti giaboksi ishushwe. Makadirio ya gharama yalikuwa mezani, yakingoja sahihi. Basi Bodi ilikuwa na hukumu mbili zinazopingana. Moja ilisema gari halivuji, nyingine ikasema linavuja sana. Nayo Bodi ilikuwa tayari kuzitekeleza zote mbili.

Niliomba tusimame kwanza, tukamwita fundi mmoja mzee wa pale kijijini. Aliwasha injini akatazama moshi. Haukuwa wa buluu, maana yake oili haikuwa ikiungua ndani ya silinda. Akafungua rejeta ilipokuwa baridi, akaona maji hayana oili. Kisha akaingia uvunguni. Fremu yote ya nyuma ilikuwa imegandamana matope yaliyochanganyika na oili. Akatoka akasema, “Gari hili hulia likitembea, likilala hunyamaza.”

Chini ya nyumba ya flaiwili ya gari hilo pana tundu dogo, lililowekwa na watengenezaji makusudi ili oili ikiingia mle ipate njia ya kutoka. Kizibo chake hufungwa tu gari linapovuka maji mengi. Pembeni mwa tundu hilo palikuwa na tone, na ndilo lililoifanya karakana iseme sili imekufa. Mzee alilinusa tone lile. Oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali kama ya kiberiti. Hii ilikuwa nyepesi na nyeusi, kwa hiyo ilitoka katika injini. Swali likabaki, je, ilitoka sehemu gani ya injini?

Injini ikiwa baridi, mbali na moto, aliisafisha yote kwa mafuta ya taa na brashi, akaikausha, akaipaka unga wa chaki. Nikaomba dereva aliyesimamishwa aitwe aliendeshe gari, nami nikaketi kando yake. Tulikwenda kilometa chache za mlima tukarudi. Mzee akachukua tochi na kioo, wala hakuanza kutazama chini, alianza juu. Akatueleza kwamba oili hushuka kwa uzito wake, na upepo wa feni na wa mwendo huisukuma nyuma. Hivyo chanzo hutafutwa mahali palipolowa palipo juu kabisa na mbele kabisa.

Injini ilikuwa nyeupe yote isipokuwa mstari mmoja mweusi. Ulianzia nyuma ya kifuniko cha juu cha vali, ukashuka mgongoni mwa injini, ukapita nje ya nyumba ya flaiwili, ukaishia pembeni mwa lile tundu.

Gasketi ya kifuniko ilikuwa imekakamaa. Mtu fulani alijaribu kuzuia mvujo kwa kukaza nati kupita kiasi, bati likapinda na mvujo ukazidi. Tena, kofia ya kupumulia ilikuwa imezibwa na vumbi. Gesi zipitazo kando ya pistoni zilikosa njia, zikaisukuma oili nje kila injini ilipofanya kazi. Injini ikizimwa, msukumo huisha. Ndiyo maana sakafu ya banda haikuwa na dimbwi.

Bati lilinyooshwa, gasketi ikabadilishwa, kofia ikaoshwa. Giaboksi haikuguswa. Dereva alirudishwa kazini, nami nikasisitiza aandikiwe barua, kwa kuwa mtu aliyesimamishwa kwa barua hasafishwi kwa mdomo.

Ndugu zangu, nawaomba mambo manne. Kwanza, oili ipimwe kila asubuhi kabla ya kuwasha injini, gari likiwa mahali tambarare, na kipimo kiandikwe pamoja na kilometa. Chama kile hakikuwa na daftari hilo. Kwa hiyo dereva hakuwa na cha kumtetea, wala Bodi haikuwa na cha kumshitaki. Pili, msiidhinishe kufunguliwa kwa injini au giaboksi kabla ya kuoshwa na kujaribiwa barabarani. Tatu, taa ya oili ikiwaka safarini, dereva azime injini palepale, hata akiwa na mzigo wa chama. Maana beringi zikikosa oili huharibika kwa muda mfupi sana. Nne, msidharau mvujo mdogo. Oili huharibu klachi, na ikidondokea ekzosi yenye moto yaweza kuwasha gari. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nami katika vitabu vyenu vya fedha nitajitahidi kufanya kama mzee yule. Nitasafisha kwanza, nianze juu, kisha ndipo niseme nani anavuja.