MOTO WA NYUMBANI HULIPIWA NA NANI?

Mada kwa viongozi wa walei, semina ya Haki na Amani



Sisi tunaoishi Nyanda za Juu Kusini hatuhitaji kuelezwa maana ya kipupwe. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi huingia Njombe na Makete kama mgeni asiyebisha hodi, na huko Kitulo, kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, kuna asubuhi ambapo nyasi huwa nyeupe kwa barafu. Ndipo familia nzima huhamia jikoni. Watoto husomea penye moto, wazee husimulia hapo, mgonjwa hutandikiwa hapo. Moto huo ni baraka ya wote. Leo tujiulize: gharama yake hulipwa na nani?

1. Anayebeba kuni

Katika nyumba nyingi, wote huota moto lakini kuni huletwa na mama na binti. Siku hizi safari ni ndefu zaidi kwa wale waliouza mashamba kwa wapandaji wa misonobari kutoka mijini. Palipokuwa mahali pa kuokota matawi sasa ni mali ya mtu.

Mzigo huo huongezeka kwa kukosa mpango. Gogo bichi laweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Moto hutumia nguvu zake kuyachemsha maji hayo kwanza. Tunachopata ni joto haba na moshi mwingi. Hivyo mama aletaye kuni mbichi amejitwisha maji bila kujua. Kuni zikipasuliwa na kupangwa chini ya paa penye upepo, huhitaji miezi sita au zaidi kukauka. Basi kuni za Julai zapaswa kupasuliwa kabla ya Krismasi. Hiyo ni kazi ya shoka, na shoka si mali ya akina mama peke yao. Akina baba, tumesikia?

2. Anayevuta moshi

Hapa sisi mapadre tuna la kuungama. Mara nyingi tumekaribishwa jikoni, tukaota moto, tukanywa chai; baada ya nusu saa tukatoka tukipangusa machozi na kushukuru kwa hewa safi. Hatukumwuliza mama aliyebaki ndani na mtoto mgongoni.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 ulimwenguni, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, aliutaja moshi wa kupikia na kuotea moto miongoni mwa mambo yanayoumiza afya, hasa za maskini.

Tena, moshi umezaa dhuluma nyingine. Huko Usukumani wako vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho hayo yalikuwa yamewashwa na moshi wa miaka mingi ya kuwapikia wengine. Aliyeteseka kwa ajili ya familia akahukumiwa kwa alama ya mateso yake!

3. Anayelala na jiko la mkaa

Wengine hudhani kwamba mkaa, kwa kuwa hauna moshi, ni salama. Wanaingiza jiko chumbani, wanafunga dirisha, wanalala. Mkaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Aliye usingizini huenda asiamke kabisa. Kesho yake majirani hunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Ndugu, mkono ni wetu sisi tuliojua tusiseme. Jiko la mkaa lisilale chumbani, hata likionekana limefifia. Mwenye dalili hizo atolewe nje mara moja, kisha apelekwe hospitali.

4. Asiye na moto

Mkoa wetu ni miongoni mwa ile iliyoumizwa zaidi na UKIMWI. Tunazo nyumba za bibi na wajukuu tu. Bibi hawezi shoka. Wajukuu hawalifikii shamba. Mtume Yakobo (2:15-16) anawakaripia wanaomwambia ndugu maskini aende kwa amani akaote moto, nao hawampi chochote. Kwetu sisi maneno hayo si mfano. Ni taarifa ya kijiji chetu. Kumtakia bibi joto bila kumpelekea kuni ni kumdhihaki.

Tuazimie basi: kila jumuiya iwe na siku moja, mara mvua zinapokwisha, ya kuwapasulia kuni wasiojiweza. Wenye mashamba ya miti waruhusu matawi yaokotwe baada ya kupogoa. Na kila jiko lipate dirisha linalofunguka au bomba la kutolea moshi.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Nyumbani kwetu, nani alileta kuni wiki hii? Nani hajawahi kuleta?
2. Ni nyumba gani katika jumuiya yetu ambayo usiku haionekani moto?
3. Nani ataitembelea kabla ya Jumapili, naye atakwenda amebeba nini?