Beji Kifuani ni Ahadi



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo sana, nacho ni beji. Twaiona kila siku: katika kofia ya askari, katika koti la mwanafunzi, na katika mkono wa shati la skauti. Ni bati au kitambaa tu, na fundi akitaka aweza kutengeneza nyingi kwa siku moja. Basi yafaa tujiulize, je, thamani yake yatoka wapi?

Alama za namna hii si jambo geni kwetu. Wazee wetu walitambulikana kwa kilemba, kwa fimbo na kwa mgwisho. Huko Lamu na Pate wenye mji walikuwa na siwa, lile baragumu kubwa. Ya Lamu ni ya shaba, na ya Pate ni ya pembe ya ndovu. Haikupulizwa ovyo. Ilipulizwa katika harusi na sherehe kubwa, na aliyeisikia alijua ya kuwa jambo lile ni la watu wenye cheo. Kama kila mtu angaliruhusiwa kuipuliza apendapo, isingalikuwa siwa tena, ingalikuwa kelele.

Lakini si kila alama ni heshima. Katika nchi ya Kenya ilitungwa sheria mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliyomlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kuchukua kipande. Humo mliandikwa jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, bwana aliyemwajiri na mshahara wake. Karatasi ile iliwekwa katika kikebe cha bati, na watu wengi walikitundika shingoni kwa kamba. Aliyekutwa hana kipande alishtakiwa. Aliyeondoka kazini pasipo sahihi ya bwana wake alipata taabu kuajiriwa kwingine. Ndiyo sababu watu walilalamika, na mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake walikuwa miongoni mwa waliosema waziwazi kwamba jambo hilo halifai. Mwaka 1947 ikatungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa kila taifa, si Waafrika peke yao.

Tazameni basi tofauti. Kikebe kile kilimtambulisha mtu, lakini hakikumheshimu. Hakikuwa ahadi yake mwenyewe. Kilikuwa amri ya mtu mwingine iliyoning'inia shingoni mwake. Beji ya kweli ni ile ambayo mtu huitaka mwenyewe, akakubali masharti yake, kisha akaivaa akijua ya kuwa wengine watamdai yale aliyoyakubali.

Nitawapa mfano wa alama ijulikanayo dunia nzima. Tarehe 24 Juni mwaka 1859 palikuwa na vita vikali huko Solferino, katika nchi ya Italia. Bwana Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi, aliwakuta maelfu ya majeruhi wamelala pasipo watu wa kutosha wa kuwatunza. Hakusahau aliyoyaona. Kwa jitihada yake na ya wenzake, tarehe 22 Agosti mwaka 1864 wajumbe wa nchi 12 walitia sahihi mkataba mjini Geneva, kwamba watunzao majeruhi wasipigwe, nao wajulikane kwa msalaba mwekundu juu ya nguo nyeupe. Hiyo ni bendera ya Uswisi iliyobadilishana rangi zake. Mwaka 1876 dola ya Waturuki ikachagua hilali nyekundu kwa kazi hiyo hiyo. Hapa Kenya, Chama cha Msalaba Mwekundu kiliwekwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965.

Sasa fikirini. Nguo ile haiwezi kuzuia risasi. Kinachomlinda aliyeivaa ni imani ya adui kwamba mtu huyu amekuja kutibu, wala hakuja kupigana. Askari mmoja akijificha chini ya alama ile ili apate kuua, amewadanganya adui zake mara moja. Lakini kesho mganga wa kweli atakapofika na alama yake, nani atamwamini? Majeruhi atakayekufa siku hiyo ameuawa na uongo wa jana. Kwa hiyo kutumia alama hiyo kwa hila katika vita ni kosa kubwa katika sheria za mataifa.

Hata mbali na vita mambo ni hayo hayo. Katika chama cha maskauti, kijana hupewa beji ya ustadi baada ya kujifunza na kujaribiwa. Tuseme kijana mmoja ameomba beji ya huduma ya kwanza kwa rafiki yake, akaishona shatini ili apendeze. Siku moja basi linapinduka njiani. Mama mmoja anamwona, anaiona beji, anamwita: "Mwanangu, njoo umfunge huyu, damu inamtoka!" Watu wanampisha apite, kwa kuwa wanadhani amefika ajuaye. Naye hajui hata pa kushika. Wakati ule hawezi kusema ya kuwa alikuwa akifanya mzaha. Amevaa kilemba cha ukoka, tena amejivika mwenyewe, na anayelipa gharama yake ni yule aliyelala chini.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Beji iliyopatikana kwa haki ina majira ya jioni ndani yake, mwalimu mwenye subira, na pengine kushindwa mara mbili kabla ya kufaulu. Mzazi mwenzangu, mtoto akija nyumbani na beji, usimsifu tu. Mwambie, "Nionyeshe kazi yake." Akiweza, furahini pamoja. Asipoweza, mrudishe akajifunze, wala usimwonee haya. Nasi viongozi wa vyama tusigawe beji kama peremende, kwa urafiki au kwa kuogopa lawama. Maana kila beji tunayoitoa bure inapunguza thamani ya ile iliyotolewa jasho.

Ukifika Nyeri utaliona kaburi la Lord Baden-Powell, aliyeanzisha skauti, na ambaye alifariki huko tarehe 8 Januari mwaka 1941. Alikuwa jenerali, tena alipewa nishani nyingi katika maisha yake. Lakini katika jiwe la kaburi lake imechorwa duara yenye nukta katikati. Ni alama ambayo maskauti huiweka njiani kuwajulisha wenzao: nimekwenda nyumbani. Mtoto yeyote aweza kuichora mchangani kwa kijiti, nayo haigharimu hata senti moja. Ina thamani kwa sababu aliyeiacha alikuwa ameifuata njia mpaka mwisho.