MKUU ASIYESIKIA LA MDOGO



Katika kila ofisi na kila shule kuna swali ambalo aghalabu haliandikwi katika mafaili: je, mdogo anaweza kumwambia mkuu wake kwamba kazi inakwenda mrama, naye akasikilizwa? Milima ya Uluguru ilikwisha kulijibu swali hilo, na jibu lake lililipiwa kwa damu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha huko Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Shabaha yenyewe haikuwa mbaya. Udongo wa miteremko ulikuwa ukichukuliwa na mvua, na maji ya milima hiyo huingia Mto Ruvu, unaotegemewa na Dar es Salaam. Wataalamu wakakata shauri kwamba dawa ni matuta ya ngazi. Waluguru wakaamriwa kuyachimba, na aliyekaidi akaadhibiwa.

Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi haikuleta mavuno, kwa maana jembe lilifukia udongo wa juu wenye rutuba na kuufunua udongo wa chini usio na nguvu. Mkulima aliliona hilo shambani mwake. Lakini amri ilikuwa na njia ya kuteremkia tu, haikuwa na njia ya kurudia. Ilitoka kwa wakuu wa wilaya na mabwana shamba, ikapita kwa Sultani, ikafika kwa wandewa, kisha kwa mwenye jembe. Mndewa akawa baina ya moto na maji: akiwasukuma watu wanamchukia, akiwaacha anaonekana mzembe mbele ya wakubwa. Yeye ndiye aliyewajua wananchi, bali alitakiwa kutii, hakutakiwa kushauri.

Mwezi Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kuyakataa matuta. Ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa. Mwaka 1960 Roland Young na Henry Fosbrooke walichapisha kitabu cha uchunguzi wao juu ya ardhi na siasa za Waluguru. Habari walizokusanya zaonyesha kwamba kilichovunjika hakikuwa kilimo peke yake. Ulivunjika pia uhusiano wa viongozi wa kienyeji na watu wao.

Mnyororo wa namna ile haukwisha pamoja na ukoloni. Unaweza kuota mahali popote penye mkuu na walio chini yake. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ulikemea viongozi wanaowadharau na kuwaonea wanaowaongoza, na wafanyakazi wa viwandani wakaushika kama silaha yao. Migomo ya miaka iliyofuata ilihusu namna walivyotendewa, si mishahara tu.

Wachunguzi wa Marekani nao waliutazama uhusiano huu kwa karibu. Mwaka 1975 Fred Dansereau, George Graen na William Haga walionyesha kwamba mkuu hawatendei sawa wote walio chini yake. Wachache huwa wandani: hupewa habari, madaraka na nafasi ya kusema. Waliosalia huwa watu wa nje: hupewa kazi iliyoandikwa, nao hutoa kazi iliyoandikwa, basi. Mwaka 1984 Terri Scandura na Graen wakaeleza jaribio walilofanya kwa makarani wa serikali. Wakuu walifundishwa kukaa na kila karani, kumsikiliza na kueleza wanachokitarajia. Walioinua kazi zaidi ni wale waliokuwa mbali na mkuu hapo kwanza.

Hapo ndipo penye funzo kwa Mwalimu Mkuu na Mkuu wa Idara. Kuwa na wandani ni rahisi, na ni hatari, kwa sababu wandani hujifunza upesi kusema lile linalopendeza. Habari chungu hukaa kwa watu wa nje: kwa mwalimu wa darasa la kwanza mwenye watoto wasio na madawati, kwa tarishi anayeona wananchi wakirudishwa, kwa bwana shamba wa kata ya mlimani. Mkuu asipowafikia hao, atasaini taarifa nzuri za kazi mbovu.

Kusikiliza si kulegeza nidhamu. Uamuzi hubaki wa mkuu, na ukiisha kutolewa hutekelezwa na wote. Linalotakiwa ni kwamba kabla ya uamuzi kila mmoja awe amesema bila hofu, na baada ya uamuzi anayeleta habari ya kushindwa asihesabiwe kuwa mpinzani.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Matombo ilionyesha kwamba na mkuu asiyesikia la mdogo, guu lake halisalimiki. Na anapoanguka, haanguki peke yake.