Bomba la Moshi: Lifungwe Kitambaa au Lipakwe Kauri?

Maneno ya mazungumzo kwa wenye magari ya mizigo



Mtu aliyepata kuendesha Land Cruiser ya zamani ya mizigo, ile FJ45 yenye injini ya petroli iitwayo 2F, hahitaji kufundishwa habari za joto. Injini hiyo ina silinda 6 katika mstari mmoja, na ujazo wake ni lita 4.2. Hewa na petroli huingia upande ule ule utokapo moshi. Kabureta imekaa juu, na bomba la moshi limepita chini yake, mfano wa chungu juu ya mafiga. Waliounda gari hilo waliijua taabu yake, hata katika baadhi ya magari ya FJ60 yaliyofuata, yenye injini hiyo hiyo, wakatia feni ndogo ya kuipulizia kabureta hewa baridi injini ikiisha kuzimwa.

Sasa na afikiriwe mwenye gari la namna hiyo ambaye kazi yake ni kuchukua maziwa ya wafugaji kutoka Kinangop na kuyateremsha Naivasha. Nchi ile iko juu, zaidi ya mita 2,000, na mahali palipoinuka hivyo kila kitu cha majimaji huchemka upesi kuliko pwani. Maji yenyewe huchemka kabla ya kufika digrii 95. Petroli nayo ni vivyo hivyo. Kila asimamapo kupakia mikebe, joto la bomba hupanda na kuichemsha petroli ndani ya kabureta, na akirudi kuwasha gari, injini hukohoa na kukataa. Maziwa ya asubuhi hayamngoji mtu. Yakichelewa hukataliwa, na hasara si yake peke yake, bali ni ya kila nyumba iliyompa mkebe.

Tuseme bomba lake la asili, ambalo ni la chuma cha kusubu, zito na nene, limepasuka kwa uzee. Fundi amemtilia mahali pake kile ambacho mafundi hukiita heda, yaani mabomba membamba ya chuma, kila silinda na lake, yakutanayo chini kuwa bomba moja. Heda hutoa moshi kwa wepesi, lakini kuta zake ni nyembamba, milimita 2 au pungufu, na joto hupenya kwa haraka. Basi taabu ya kabureta imezidi, wala haikupungua. Hapo ndipo amejiwa na mashauri mawili. Mmoja amwambia aifunge heda kwa kitambaa. Wa pili amwambia aipeleke ikapakwe kauri.

Kitambaa chenyewe kinafanana na bendeji pana. Husukwa kwa nyuzi za kioo, au kwa nyuzi zilizoyeyushwa kutoka katika mwamba wa basalti, nazo hizi za pili huvumilia joto kali zaidi. Huuzwa kwa mizingo. Mzingo wa kawaida una upana wa inchi 2 na urefu wa futi 50. Fundi hukizungusha juu ya bomba, kila mzunguko ukiufunika ukingo wa ule uliotangulia, akakibana kwa vifungo vya chuma kisichoshika kutu. Kazi hii yaweza kufanywa chini ya mti kwa spana na mkasi, ila fundi avae glavu na kujifunika pua, kwa maana nyuzi hizo huwasha vibaya mno. Injini ikiwashwa mara ya kwanza kitambaa hutoa moshi na harufu. Jambo hilo ni la kawaida nalo huisha. Katika kulizuia joto kitambaa ni hodari, na kwa wiki za kwanza mwenye gari hatakuwa na neno ila sifa.

Kuna hatari moja ambayo haifai kupitwa. Gari la zamani likikutwa bomba lake limevikwa kitambaa cheupe au cha kijivu ambacho hakuna ajuaye asili yake, kitambaa hicho kisichanwe kikavu kwa mikono. Hapo zamani vitambaa vya namna hiyo vilifanywa kwa asbesto, na vumbi la asbesto likivutwa huleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi, mtu alipokwisha kusahau siku aliyolivuta. Uingereza ilipiga marufuku aina ya mwisho ya asbesto iliyokuwa ikiruhusiwa huko mwaka 1999. Lakini gari kuukuu halisomi sheria, na kilichofungwa juu yake zamani kingalipo.

Kauri ni kazi nyingine kabisa. Si rangi ya mkebe inunuliwayo dukani na kupakwa kwa brashi. Heda hufunguliwa, ikasuguliwa kwa mchanga unaorushwa kwa nguvu za hewa mpaka chuma kibaki kitupu, kisha hunyunyiziwa dawa yenye chembe za kauri, nje, na kwa mafundi wazuri ndani pia, halafu huokwa katika tanuri mpaka mpako ushikamane na chuma. Mpako huo haushindi unene wa unywele wa mtu. Fundi wa chini ya mti hawezi kuifanya. Yataka karakana yenye vyombo vyake, na gari likae siku kadhaa bila kazi. Tena gharama yake ni mara kadhaa ya gharama ya kitambaa. Kwa mtu anayelipwa kwa mkebe, hayo si mambo madogo.

Wala haifai kuificha kweli hii, kwamba kwa kuzuia joto tu, kitambaa kinene chaweza kuushinda mpako mwembamba. Lakini gari la maziwa halifanyi kazi ndani ya chumba kikavu.

Barabara za Kinangop wakati wa masika ni tope na madimbwi. Kitambaa hunywa maji kama sifongo, na jioni injini ikizimwa unyevu ule hukaa juu ya chuma usiku kucha. Mchana nako kuna adui mwingine. Joto lililozuiwa kutoka halikupotea; limebaki ndani ya bomba, na chuma kilichofungwa huwa na moto kuliko kilipokuwa wazi. Chuma cha kawaida kikipita digrii 550 hivi, hewa huanza kukila kwa haraka, kikatoa magamba. Basi usiku ni kutu na mchana ni magamba, hata heda ambayo ingalidumu miaka mingi ikawa nyembamba kama kopo. Hii ndiyo sababu baadhi ya watengenezaji wa heda hukataa kutimiza dhamana ya heda ya chuma cha kawaida iliyokwisha kufungwa kitambaa. Pwani, ambako hewa ina chumvi, mambo huwa mabaya zaidi.

Ufa ukitokea juu ya bomba lililo wazi au lililopakwa, masizi huacha alama nyeusi, na macho yakaiona. Chini ya kitambaa ufa hauonekani. Moshi ukivuja chini ya boneti huweza kupenya hadi chumba cha dereva, nao una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Dereva huanza kwa kuumwa na kichwa, akadhani ni usingizi au jua. Ikiwa asubuhi ni ya baridi na vioo vimefungwa, yeye na utingo wake waweza kufa wakiwa wamekaa vitini mwao.

Tena gasketi ya kifuniko cha valvu ikivuja, kama zivujavyo nyingi katika injini za umri huo, mafuta hudondoka. Yakidondokea bomba tupu huungua na kunuka, na dereva hupata habari. Yakidondokea kitambaa hufyonzwa, siku baada ya siku, mpaka kitambaa kiwe utambi wa taa. Kwa hiyo ye yote aliyekata shauri la kufunga kitambaa, na auzibe kwanza mvujo wa mafuta, na kizima moto kiwekwe karibu na mkono.

Kauri nayo ina udhaifu wake. Ikigongwa kwa nyundo au jiwe hubanduka, na heda iliyopakwa ikichomelewa tena, mpako wa mahali hapo huungua. Zaidi ya hayo, haitibu ugonjwa wa injini. Cheche za plagi zikipigwa kwa kuchelewa, moto huwaka mpaka ndani ya bomba, na bomba huwa jekundu; joto la namna hiyo huweza kuuharibu hata mpako mzuri katika siku ya kwanza. Mwenye gari akiona bomba linang'aa kwa wekundu wakati wa usiku, pesa yake ya kwanza aitumie kwa fundi wa kurekebisha majira ya cheche na kabureta, kabla ya kununua kitambaa au kauri.

Kwa mtu wa Kinangop, basi, shauri lililo bora ni kauri, tena ipakwe heda ingali mpya, kabla haijaonja mafuta wala kutu. Pesa isipotosha mwaka huu, na aiache heda tupu, akatiwe bamba la chuma kati yake na kabureta, lenye nafasi ya hewa kupita pande zote mbili. Bamba hilo hukatwa na fundi ye yote wa mabati. Halizuii joto lote, lakini halinywi maji, halifichi ufa, na siku kauri itakapopatikana litabaki mahali pake likisaidia.

Kitambaa kina mahali pake pia. Katika nchi kavu, juu ya bomba la chuma kisichoshika kutu, au kipande kifupi tu kilicho karibu na waya wa stata au bomba la petroli, chaweza kutumiwa, nacho kifunguliwe kila mwaka ili chuma kitazamwe.

Heda ikirudi kutoka karakana, ifungwe kwa gasketi mpya, na injini iwashwe kwanza kwa kufuata maagizo ya aliyepaka. Baada ya safari ya kwanza, bomba likiisha kupoa, boliti zote zikazwe tena.