Mbwa Kambini: Swali la Chanjo Kabla ya Swali la Aina

Mazungumzo kwa wenye kambi, wamiliki wa nyumba za wageni na wakazi wanaopakana na hifadhi za Karagwe na Kyerwa



Mwishoni mwa mwaka 1861, Omukama Rumanyika aliwapokea Bweranyange wasafiri wawili Waingereza, Speke na Grant. Januari iliyofuata Speke aliendelea na safari ya Buganda. Grant, aliyekuwa na mguu mbovu, akabaki Karagwe akiuguzwa kwa miezi kadhaa. Ukarimu, basi, si jambo la kufundishwa hapa. Linalohitaji mazungumzo ni mgeni wa siku hizi, anayetokea Uganda kupitia Mutukula au Murongo na gari lenye hema juu ya paa, na kwenye kiti cha nyuma amelala mbwa.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi na kuwa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, chini ya TANAPA. Mwananchi mwenye kilima chenye mandhari nzuri ana sababu ya kufikiria kupokea watu wa mahema. Akianza kuandika masharti ya kambi yake, ni rahisi kunakili yale ya Ulaya na Marekani: pitbuli haruhusiwi, rotwaila haruhusiwi, jemani shepadi haruhusiwi.

Masharti hayo yana asili yake. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1991 iliyotaja aina 4 za mbwa, pitbuli akiwa mmojawapo, na kuanzia Februari 2024 ikawa kosa huko kumiliki mbwa aitwaye XL Bully bila kibali maalumu. Marekani, kambi nyingi huweka orodha kama hizo kwa kuogopa kampuni za bima. Ni mambo ya kwao, na hata huko wataalamu wanabishana, kwa kuwa mbwa chotara hatambuliki kwa sura, na mbwa hung'ata kwa jinsi alivyolelewa na kufungwa, si kwa jina la ukoo wake.

Kwa Karagwe na Kyerwa sharti hilo lina kasoro kubwa zaidi. Mwenye kambi atamzuia getini rotwaila mwenye kamba shingoni na cheti cha chanjo mkononi mwa bwana wake. Usiku, mbwa wa jirani, asiye na kamba wala chanjo, atapenya kwenye migomba, atatafuna mifupa kando ya moto wa wageni na kulamba sufuria, na mtoto wa mgeni atamtupia kipande cha mkate. Kibao cha getini hakikumhusu mbwa huyo, kwa kuwa hana aina inayoandikwa popote.

Hatari inayostahili kuogopwa ni kichaa cha mbwa. Virusi vyake hukaa katika mate, na karibu binadamu wote wanaougua, asilimia 99, huambukizwa na mbwa. Dalili huchelewa, mara nyingi kwa wiki kadhaa hata miezi, ndiyo maana jeraha dogo hupuuzwa. Zikishaonekana, mgonjwa karibu hapone kamwe. Kabla ya hapo, hata hivyo, kinga ni ya uhakika: jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeng'atwa afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Si kesho, wala si baada ya kumtazama mbwa kwanza.

Wanyamapori nao wamo katika hesabu hii. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, wapatao 1,000. Virusi hivyo vilihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Hawakuwa pitbuli, walikuwa mbwa wa kawaida, wa kulinda boma na mifugo. Ng'ambo ya mto Kagera, Hifadhi ya Akagera ya Rwanda ilirudishiwa simba mwaka 2015 baada ya kuwakosa kwa miaka mingi. Eneo hili lote lina cha kupoteza.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa haruhusiwi kuingia mbwa wa msafiri, awe mkubwa au wa kubebwa mkobani. Hapa ndipo mwenye kambi anaweza kupata kipato halali. Mgeni anayetaka kuingia Ibanda asubuhi atamwacha wapi mbwa wake? Akimfungia garini juani, mnyama atakufa kwa joto. Kambi yenye banda la wavu, kivuli, maji na mtu wa kuangalia inauza huduma ambayo mgeni ataitafuta.

Masharti ya kuandika getini, basi, ni machache. Mbwa wa aina yoyote aingie na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa chenye tarehe, jina la chanjo na muhuri wa daktari wa mifugo. Tarehe isomwe kwa makini: chanjo ya kwanza iliyotolewa juzi haijajenga kinga, inahitaji takriban wiki 4, na iliyopitwa na muda haifai. Mbwa afungwe kamba muda wote. Mwenye kambi asiyetaka mbwa kabisa ana haki hiyo, na kuwakataa wote ni afadhali kuliko kuwachagua kwa sura.

Sharti gumu zaidi linamhusu mwenye kambi mwenyewe. Anayedai cheti kwa mgeni awe na cheti cha mbwa wake wa ulinzi, na mabaki ya chakula yafukiwe au yafunikwe kila jioni ili mbwa wazururaji wasizoee njia. Majirani nao wahamasishwe kupeleka mbwa wao siku ya kampeni ya chanjo. Wataalamu wanataka mbwa 70 kati ya kila 100 wachanjwe ili ugonjwa ushindwe kuenea, na idadi hiyo haifikiwi na kambi moja. Afisa mifugo wa kata ndiye wa kuulizwa tarehe na mahali pa kampeni; asisubiriwe hadi mtu ang'atwe.