Jurassic Park: Kitabuni na kwenye Filamu

Riwaya ya Michael Crichton ilitoka mwaka 1990; filamu ya Steven Spielberg ikafuata mwaka 1993. Kisa ni kilekile, ila John Hammond, mwanzilishi wa bustani ya dinosauri kisiwani, si yuleyule. Kitabuni ni tajiri mwenye uchu wa fedha, na dinosauri wadogo kama kuku, aliowafufua mwenyewe, ndio wanaomuua. Kwenye filamu ni babu mpole anayeondoka kisiwani salama.

Jambo zito zaidi liliachwa nje ya filamu. Kitabuni, kompyuta ya bustani huacha kuhesabu dinosauri ikishafikia idadi iliyotarajiwa, hivyo waliozaliwa porini hawaonekani. Kosa dogo hilo linatisha kuliko meno yoyote.

Spielberg naye anashinda kwa kikombe cha maji ndani ya gari: maji yanatetema, tiranosauri bado hajaonekana.

Uliyeona filamu pekee, kitafute kitabu.