Dawa ya Kuoshea Injini: Yafaa au Haifai?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee, walimu na wenye motakaa waliokutana Magu, Mkoa wa Mwanza)

Nimeombwa niseme maneno machache juu ya jambo ambalo wengi wenu mmeniuliza: mtu anapomwaga mafuta ya zamani ya injini ili atie mapya, je, yafaa kwanza atie ile dawa ya kuoshea ambayo mafundi huiita flashi? Nitaanza na hasara yangu mwenyewe, maana hiyo naijua kuliko nyingine.

Mwaka 2016 nilinunua Hiace kuukuu ya kuchukulia abiria. Aliyeniuzia hakuniachia hata karatasi moja ya kuonyesha mafuta yalibadilishwa lini. Nilipofungua kifuniko cha kutilia mafuta niliona utando mweusi, mzito kama ukoko wa ugali. Fundi mmoja akaniambia, "Mzee, tuioshe kabisa." Nikakubali, tena chupa niliinunua mimi kwa fedha zangu, basi simlaumu yeye peke yake. Tukaitia, injini ikanguruma dakika kumi, yakatoka mafuta meusi kama lami. Nilifurahi mno. Siku ya tatu, nilipokwisha kupita Usagara nikienda Misungwi, ile taa nyekundu yenye picha ya birika la mafuta ikawaka. Nikasema moyoni, Misungwi si mbali, nitafika. Sikufika. Injini iligonga mara chache, kisha ikanyamaza. Tulipofungua bakuli la chini tuliona chujio la waya, lililo mdomoni mwa pampu ya mafuta, limezibwa na vipande vya ule ukoko. Niliuza ng'ombe watatu nikapata injini nyingine.

Sasa nieleze sababu yake. Mafuta ya injini hayana kazi ya kulainisha vyuma tu. Huchukua joto, na tena ndani yake mna dawa ya kusafisha iliyotiwa kiwandani, ambayo hushika masizi ili yasigande. Kwa hiyo mafuta mema huwa meusi baada ya muda, na weusi huo si dalili ya ubaya, ni dalili ya kazi. Lakini yakiachwa mno, nguvu ya dawa hiyo huisha, na uchafu hushikamana na vyuma. Injini inayonguruma gari limesimama huchakaza mafuta bila kuongeza hata kilometa moja. Waliokuwa wakingoja kivuko cha Kigongo na Busisi, kabla daraja halijafunguliwa mwezi wa Juni 2025, wanalijua jambo hili kama walikuwa hawazimi injini.

Hiyo flashi, basi, ni nini? Mara nyingi ni kimiminiko chepesi cha jamii ya mafuta ya taa, kilichochanganywa na dawa kali za kusafisha. Hutiwa katika mafuta ya zamani, injini huwashwa kwa dakika chache pasipo kuendesha gari, kisha yote humwagwa. Katika injini safi haina uchafu mwingi wa kuondoa. Katika injini chafu huubandua uchafu kwa ghafula, na hapo ndipo penye hatari. Ninyi wa pwani ya ziwa mmeyaona magugumaji. Yakikaa mahali pamoja hayamzuii kila mtu; upepo ukiyang'oa na kuyasukuma mpaka bandarini, mitumbwi haitoki. Uchafu wa injini ni vivyo hivyo, na bandari yake ni lile chujio la pampu.

Tena kuna jambo la pili. Mafuta hayatoki yote yamwagwapo. Kiasi hubaki katika njia za ndani, pamoja na dawa, na hicho huyapunguzia uzito mafuta mapya uliyoyanunua kwa fedha nyingi. Na wale watiao mafuta ya taa au dizeli tupu kwa kuwa ni rahisi, wajue kwamba wanaiwasha injini karibu bila kilainisho. Mafuta ya taa tuwaachie wavuvi wa dagaa na karabai zao.

Wenye viwanda nao wamesema. General Motors ya Marekani imeandika katika vitabu vya motakaa zake kwamba haishauri kuosha injini kwa namna hii, na kwamba madhara yakitokea huenda yasilipwe na dhamana. Honda nayo huandika kwamba mafuta yake hayahitaji kuongezewa dawa yoyote. Nilipotazama kitabu cha Honda ya jirani yangu niliona ajabu: kitabu kilikuwa kipya, hakijapata kufunguliwa.

Sisemi kwamba kila chupa ni sumu. Fundi mwenye kujua aweza kuitumia katika injini ambayo habari zake zote anazijua, akafuata maandishi ya chupa, asizidishe dakika. Lakini kwa gari kuukuu lisilojulikana lilikotoka, ambalo ndilo tulilo nalo wengi wetu, mimi nasema hapana.

Fanya hivi. Fungua kifuniko, mulika kwa tochi. Ukiona rangi ya kahawia tu, badili mafuta na filta kwa wakati wake, basi. Ukiona utando mweupe kama maziwa, huenda maji yameingia; mwite fundi atafute yanakotoka, maana flashi haizibi tundu. Ukiona ukoko mweusi, fungua bakuli la chini, lioshe pamoja na chujio kwa mkono, ubadili gasketi yake. Kisha tia mafuta mema yaliyotajwa katika kitabu cha gari, uyamwage pamoja na filta baada ya kilometa 1,000 au 1,500, ufanye hivyo mara mbili au tatu. Uchafu utatoka polepole, nayo filta itaudaka. Fedha zitatoka, sikatai, lakini hazifiki bei ya ng'ombe watatu.

Na taa ile nyekundu ikiwaka, zima injini papo hapo, hata kama Misungwi unaiona kwa macho.